Miaka Niliyomwitikia Mwimbaji

Nilimfahamu kwanza kama mtu wa upande wa pili wa shuka. Nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha kufulia kusini mwa Louisville. Tulifua mashuka na taulo za mahoteli, na shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe za huku, mwingine za kule, mnalinyoosha, mnakaribiana mpaka vidole vinagusana, mmoja analipokea, mnarudi nyuma, mnaanza lingine. Mwaka 2014, nilipohamishwa kutoka kwenye mashine za kukaushia, msimamizi alinipanga na mama mmoja wa Kisudani. Alikuwa mrefu, mkubwa kwangu kiasi cha kunizaa, ncha za vidole vyake nyeusi kwa hina, na hakuwa akizungumza na mtu.

Mimi ni mtu wa milima ya Kivu Kusini. Tulifika Amerika tukitokea kambini Burundi, mimi, mume wangu na watoto, tukapanga nyumba mtaa wa Highview, kwenye maghorofa ambayo nusu ya milango ilikuwa ya Wakongo. Kiingereza changu wakati ule kilitosha kuulizia basi na kumwelewa msimamizi akikasirika. Cha yule mama hakikuzidi changu. Kwa hiyo tulikunja kimya, mpaka siku dumu la sabuni lilipopasuka karibu na miguu yetu.

"Sabun! Sabun!" akapiga kelele.

"Ndiyo, sabuni!" na mimi nikapiga kelele, nikiruka.

Tukasimama tunatazamana, sabuni inatambaa kati ya viatu vyetu. Akaonyesha kidole ukutani. "Saa?" Saa, nikamjibu. Basi zamu ile yote tulipimana maneno kama watoto: sukari, sahani, kitabu, dunia, maskini. Mwishowe akaniuliza kwa Kiingereza chake, uso umekaza kama mtu anayedai haki yake:

"Wewe Mwarabu?"

"Hapana, Mama. Mimi Mkongo."

"Basi kwa nini mmechukua maneno yetu?"

"Tuliyakuta nyumbani, Mama. Hatukuiba."

Alicheka mpaka akaketi juu ya rundo la taulo. Tangu siku hiyo akawa ananiita binti, na neno hilo halikuhitaji mkalimani. Mengine yote tuliyaongea kwa Kiingereza cha kuvunjavunja, kwa mikono, na kwa hayo maneno machache ya pamoja. Hapa ninayanyoosha tu ili yasomeke.

Alipoanza kuzungumza, akaanza pia kuimba. Si kuimba kwa sauti, ni kuvumavuma tu, midomo imefungwa. Nilichogundua ni kwamba wimbo wake ulifuata mashuka: tukirudi nyuma anaimba mstari, tukikaribiana ananyamaza, kama mtu anayesubiri jibu. Mimi kwaya nimekulia ndani yake, na kanisani kwetu naimba alto, ile sauti ya chini ya wanawake. Mstari unaosubiri jibu siwezi kuuacha upite. Siku moja tukakaribiana, akanyamaza, nikajibu.

Alishika shuka kwa nguvu, hakulitoa.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Hakuna. Wimbo wenyewe umeniambia pa kuingia."

Ni kweli. Nyimbo za kwetu milimani hutembea kwa sauti tano tu, na zake zilitembea kwa hizo hizo. Sikuelewa neno hata moja, lakini njia niliijua. Aliuimba tena ule mstari, safari hii midomo wazi, nikajibu tena, na msimamizi akatukumbusha kwamba toroli la taulo linatusubiri.

Hakuwa na gari. Jumamosi nilimpeleka dukani kwa Waarabu na gari letu la zamani, kununua nyama. Nyuma ya kaunta alikuwa muuza nyama Msudani, mtu wa makamo, redio yake ikiunguruma habari. Yule mama alisema maneno machache ya Kiarabu. Muuza nyama akazima redio.

"Sema tena," akamwambia.

Akasema tena. Nilikuja kujua kwamba alichosema ni "mguu wa mbuzi, ukate vipande vidogo," si kitu cha kuzimia redio. Lakini yule mwanamume aliweka kisu chini, akafuta mikono, akatafuta kitu kwenye simu yake. Ukatoka wimbo, sauti ya msichana, makofi na ngoma nyuma yake, vyote vimekwaruzika kama kaseti iliyochezwa mara nyingi. Akainua simu baina yao, akauliza kwa macho tu. Mama alitazama ile simu kama unavyotazama picha ya mtu uliyemsahau jina.

"Sauti za watu hufanana," akasema. Akachukua nyama yake tukatoka.

Tulikaa garini bila kuwasha injini. Kisha akasema, akitazama mbele: "Yule alikuwa mimi."

Habari za maisha yake nilizipata vipande vipande, wiki baada ya wiki, lakini nitaziweka pamoja hapa. Alizaliwa Omdurman, ng'ambo ya mto kutoka Khartoum. Bibi yake alikuwa mpiga ngoma za harusi, naye alianza kwa kumwitikia bibi huyo akiwa msichana mdogo. Muuza kaseti mmoja alimsikia, akamrekodi katika chumba walichotundika mablanketi madirishani ili punda wa mtaani wasisikike. Kaseti ile ilipanda malori na mabasi, ikafika kila mahali malori yalipofika, mpaka Chadi. Wimbo uliompa jina ulikuwa wa fundi cherehani. Fundi huyo amemshonea msichana gauni, na kwa makusudi ameukata mkono mmoja mfupi, ili msichana arudi kulalamika na yeye amwone tena. Watu waliupenda mno. Aliimba viwanjani, akilowesha nguo mbili kwa jasho usiku mmoja, akaolewa na mpiga udi wake, akazaa mtoto wa kiume. Halafu ikaja miaka ambayo mwanamke kuimba mbele za watu kulileta matatizo mlangoni. Wakahamia Kairo. Huko aliimba katika vyumba vya wakimbizi wenzake, sebule zimejaa viatu, mpaka mume wake alipofariki.

"Niliutazama udi ukiwa ukutani," aliniambia, "nikaona hakuna wa kunianzishia. Nikafunga mdomo."

Alikuja Louisville na mwanawe. Kijana akapata kazi nzuri ya ghala Columbus, jimbo la jirani, akaoa, akahamia Hilliard, pembeni mwa mji huo. Mama akabaki na mashuka.

Muuza nyama hakukata tamaa. Kila tulipokwenda alimwongezea maini, akaulizia afya yake, akataja kama kwa bahati mbaya kwamba binti yake anaolewa. Mama alipokea maini, akajibu kuhusu afya, akayapita ya harusi. Mpaka siku mke wa yule bwana alipotoka nyuma ya kaunta, akamshika mkono wake wenye hina, akawa anatiririkwa machozi tu. Tulipofika garini Mama akashusha pumzi.

"Wanawake peke yao," akasema. "Mchana. Hakuna simu. Na wewe utaniitikia."

Nyumbani mume wangu aliacha kula. "Donc, unaenda kuimba kwa harusi ya Waarabu? Na kanisa itasema nini?"

"Kanisa iko wapi hapo? Ni wamama tu, wanapakana hina."

"Bon. Muulize kwanza kiongozi wa kwaya."

Nikamuuliza kiongozi wa kwaya, mzee mwenye msimamo mkali kuhusu suruali na hereni. Alitaka kujua maneno ya wimbo. Nikamweleza habari ya fundi na mkono wa gauni. Akakuna kidevu, mimi najitayarisha kukataliwa.

"Na huyo msichana," akauliza, "alilirudisha hilo gauni?"

"Alirudi nalo, ndiyo."

"Akamwambia nini fundi?"

Nikaona tayari nimeshinda.

Maneno nilijifunza tukikunja mashuka. Siku yenyewe nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Sebule ya muuza nyama ilikuwa imetandikwa mazulia, moshi wa sandali umejaa, wanawake wamevaa tobu, ile nguo ndefu ya Kisudani inayomzunguka mwanamke kutoka kichwani mpaka miguuni, kila mmoja rangi yake. Wakamletea Mama ngoma ya udongo. Akaiweka chini ya paja, akaipasha joto kwa kiganja, akaipiga mara moja.

Kisha akaimba. Miezi yote ile kiwandani nilikuwa nimesikia kivuli tu. Sauti yenyewe haikuwa tamu. Ilikuwa na mikwaruzo, ilitoka chini kabisa na kupanda ikiwa wazi, bila kuomba ruhusa. Wanawake walipiga vigelegele mpaka vikombe vikalia mezani. Mimi nilikaa mdomo wazi, sauti yake ikafika mahali pa kusubiri, ikasubiri, na hakuna aliyeitikia.

Alinifinya mguu. Nikaitikia. Sijafinywa hivyo tangu utoto wangu, na alama nilirudi nayo Highview kumwonyesha mume wangu.

Katazo la simu halikusaidia. Jumapili tukitoka kanisani, binti yangu mkubwa alinionyesha video kwenye simu ya rafiki yake, mimi ndani yake na kitenge changu, nikipiga makofi, Mama akionekana mgongo tu. Akaniambia kwa Kiingereza, lugha aliyonijibu nayo kila kitu siku hizo, kwamba watu wengi mno wameitazama. Kati ya walioitazama walikuwamo Wasudani wa Columbus, ambao wakampigia Mama simu kumwalika kwenye sherehe yao ya Idi. Na alikuwamo pia mwanawe.

Nilimpeleka Columbus mimi mwenyewe, siku moja kabla ya sherehe, na tukalala kwa huyo mwana Hilliard. Alikuwa kijana mpole wa umri wangu, baba wa watoto wawili wadogo, aliyetubebea mizigo na kutuletea chai kwa mikono yake. Hakugusia habari ya kuimba mpaka tulipomaliza kula. Alizungumza na mama yake kwa Kiarabu, kisha, ili nisikae kama kiti, akawa ananigeukia na kurudia kwa Kiingereza.

"Mama, hapa watu wananiheshimu. Msikitini wananipa nafasi ya mbele."

"Na mimi sina heshima?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema kwa adabu, lakini umesema."

Akasogeza vikombe. Kisha akanigeukia. "Dada, hujui. Kairo, shuleni, wavulana walikuwa wakinipigia makofi nikipita. Si matusi, makofi tu. Ule mdundo wa wimbo wa fundi. Nikiingia darasani, makofi. Nikienda chooni, makofi. Nilibadilisha njia ya kurudi nyumbani, wakaijua na hiyo."

Alipomrudia mama yake na kumwambia hayo kwa Kiarabu, niliona wazi kwamba ndiyo mara ya kwanza mama kuyasikia. Aliweka kijiko mezani.

"Hukuniambia."

"Ungefanya nini? Tulikuwa tunakula kwa wimbo huo."

Mkewe akapunguza televisheni ya watoto. Kisha Mama akasema, "Sitaimba. Nimekupa ahadi." Neno ahadi nililisikia kwa masikio yangu, na nilijua halitarudi.

Kwa hiyo siku ya pili tulikwenda kwenye ukumbi kama wageni wa kawaida. Ilikuwa alasiri, watoto wakikimbia na maputo, meza zimejaa tende na keki. Waandaaji walikuwa wameambiwa mwimbaji hajisikii vizuri, wakamleta haraka kijana wa mji mwingine mwenye kinanda. Wachache waliojua sura ya Mama walikuwa jikoni, wengine hawakumtambua. Tuliketi meza ya nyuma: Mama, mimi, mwanawe, na mzee mmoja mwenye kilemba cheupe aliyekuwa dereva wa teksi pale Columbus.

Kijana wa kinanda aliimba nyimbo zake, watu wakacheza kidogo. Halafu akaanza wimbo wa fundi cherehani, na ukumbi mzima ukanyanyuka. Wanaume waliinua mikono na kupiga vidole hewani. Hata Wasomali walioalikwa waliujua. Mimi nilihisi damu ikinipanda kwa uchungu, wimbo wake huo unatembea ukumbini na yeye ameshika kipande cha keki. Nikamtazama. Alikuwa anasikiliza kama mwalimu wa imla.

"Ameruka ubeti wa msichana," akaninong'oneza. "Sasa fundi anajisemesha peke yake."

Yule mzee wa kilemba hakusimama. Alikuwa analia, machozi yanashuka ndevuni, na akamgeukia mwana wa Mama, aliyekuwa karibu naye. Nilitafsiriwa baadaye, lakini hata bila tafsiri nilielewa kwamba ni jambo zito.

"Nilivuka jangwa juu ya lori kwa kaseti hii," mzee akasema. "Dereva alikuwa nayo moja tu. Tulikuwa na kiu, tuna hofu, na kila ilipokwisha tulimpigia paa la chumba chake cha usukani aigeuze. Maskini. Wanasema mwimbaji alifia Kairo."

Kijana alitazama mikono yake. Ukumbi ulikuwa unapiga makofi, ule mdundo wenyewe, watu mia na zaidi, na yeye yuko katikati yake.

"Hakufa," akasema.

"Umejuaje?"

"Ni mama yangu. Ndiye huyo anakula keki."

Mzee aligeuka pole pole. Akamtazama, akainuka na kilemba chake, akapiga goti pale sakafuni kumsalimia, Mama anamvuta bega ainuke, na meza za jirani zikaanza kugeuka, moja baada ya nyingine, mpaka kinanda kikanyamaza chenyewe. "Ustadha," yaani bingwa, watu walikuwa wanasema. "Ustadha." Wakamwomba. Akatikisa kichwa.

"Nimetoa ahadi," akasema.

Mwanawe alikuwa amesimama, macho mekundu, mikono hajui aiweke wapi. "Mama," akasema, "nenda ukamwonyeshe huyo kijana ubeti wa msichana. Ataumaliza wimbo vibaya."

Alimtazama kuhakikisha. Kisha akafuta vidole vyake vya keki, akanishika mkono, tukaenda mbele. Safari hii niliitikia bila kufinywa. Aliimba ubeti wa msichana, anayemwambia fundi kwamba mkono mfupi ameupenda, na sasa aukate na wa pili. Nilimwona mwanawe nyuma, mtoto wake begani. Mtoto alikuwa anapiga makofi. Baba yake akawa anamshika viganja na kumsaidia apate mdundo.

Baada ya Columbus simu hazikukoma. Tuliimba harusi nyingi za Louisville na Columbus, sherehe za kuzaliwa watoto, hata mahafali ya muuguzi mmoja. Mwanawe ndiye aliyepokea simu na kupanga tarehe. Alikuwa mkali kuliko msimamizi wetu: Mama apewe kiti chenye mgongo, Mama asiimbe bila kula, saa tatu usiku Mama awe amelala. Kiwandani tuliendelea na mashuka, na wenzetu wakijua Jumatatu wasitusemeshe sana kwa sababu hatuna sauti.

Harusi ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya Buffalo, mji wa mbali kaskazini, mwaka uliofuata, mwanzoni mwa baridi. Mwanawe alituendesha mwenyewe. Tulifikia Kenmore, kaskazini mwa mji, kwa shangazi wa bibi harusi, na bendi yenye kinanda na magitaa ilikuwa ifike siku ya harusi yenyewe ikitokea kusini. Asubuhi tukaamka Kenmore jua linawaka. Lakini theluji ya kule huweza kuangukia upande mmoja wa mji na kuuacha mwingine. Kusini ilikuwa imeshuka kama ukuta, barabara kuu imefungwa, na bendi ilikuwa imekaa ndani ya gari katikati ya malori, haiendi mbele wala nyuma.

Shangazi alikaa kwenye ngazi na kulia. Bibi harusi, akiwa na hina mbichi mikononi, hakuweza hata kujifuta machozi. Wasudani wengi wa pale walikuwa upande huo huo wa theluji. Wanawake ambao wangeweza kuitikia hawakuweza kutoka majumbani. Mama alikaa jikoni akinywa chai yake ya tangawizi.

"Binti," akaniambia, "harusi ilikuwapo kabla ya kinanda. Nahitaji ngoma na wanawake wa kuitikia. Kumi wangetosha."

"Wa Kiarabu?"

"Wa sauti tano."

Nikaelewa. Upande wa magharibi wa Buffalo kulikuwa na Wakongo tuliokaa nao kambini, wa milima ile ile yetu, na mmoja wao, mama mwenye sauti kama tarumbeta, ndiye aliyeongoza kwaya yao. Nikampigia.

"Unataka kwaya yetu iimbe kwa harusi ya Waislamu?" akauliza. "Leo hii?"

"Leo hii, dada. Bibi harusi analia."

"Analia?" Nikasikia anafunika simu, anasema na watu, anarudi. "Tutaleta na ngoma ya kanisa. Lakini hatuna gari la kutosha."

Mwana wa Mama alichukua funguo bila kuulizwa. Alirudi na gari limejaa wamama wa Kikongo wamebanana kwa makoti na vitenge, ngoma imelala juu ya mapaja yao, wanaimba tayari nyimbo za Jumapili, na yeye kwenye usukani amekunja uso kabisa, lakini kidole chake kinapiga mdundo. Tuliwafundisha maitikio jikoni, kati ya masufuria, kila mmoja ameshika sambusa. Niliwaambia maana ya kila neno ili wasiwe na wasiwasi. Walipofika kwenye fundi na mkono mfupi wa gauni, kiongozi wao alipiga kiganja mezani. "Ah, huyo fundi namjua! Alikuwa kambini!" Na kweli kila mmoja wetu alikuwa na fundi wake wa kumkumbuka.

Baba wa bibi harusi alipowaona wanaingia ukumbini alimnong'oneza Mama jambo. Mama alimjibu kwa neno moja, yule bwana akarudi kwenye kiti chake. Sikuwahi kuuliza lilikuwa neno gani.

Nimeimba mahali pengi. Sijawahi kuimba kama alasiri ile. Hapakuwa na kipaza sauti. Mama alikaa kwenye kiti chake chenye mgongo, ngoma ya kanisa imeegemea goti, na alipotupa mstari wa kwanza, wamama wa milima ya Kivu waliupokea kwa sauti ambayo milimani hutumika kumwita mtu wa kilima kingine. Wasudani waliokuwapo walitazamana. Kisha wazee wao wakainuka. Bibi harusi alitoka na tobu yake nyekundu akacheza, na kiongozi wa kwaya ya Kikongo, mshirika wa kanisa asiyecheza dansi, akacheza mbele yake kwa mabega, kama tunavyocheza kwetu tukimsindikiza bibi harusi. Mama alitutazama na macho yanayocheka, akaongeza mwendo wa ngoma, anatujaribu. Hatukuachwa.

Tuliendelea hivyo kwa muda mrefu. Ndipo magoti ya Mama yakaanza kumsumbua, na pumzi ikawa inakatika kabla ya mstari kwisha. Watu hawakuona, mimi niliona, kwa sababu nililazimika kuingia mapema kumfunika. Siku moja, tukitoka kwenye harusi ya Columbus, mwanawe akiwa anaendesha, aliniambia, "Umeingia mapema mara nyingi leo."

"Samahani, Mama."

"Usiseme samahani. Nakushukuru. Lakini ikifika mwitikiaji ananibeba, mimi nimemaliza." Akamgusa mwanawe begani. "Nitafutie chumba kwako. Chenye dirisha la kusini. Baridi imenitosha."

Kijana aliendesha mpaka kituo cha mafuta, akasimamisha gari, akatoka nje, akakaa huko kitambo akijifanya anafuta kioo.

Kabla hajahama Mama aliomba jambo moja, aje kanisani kwetu. Alikuja Jumapili na tobu yake nyeupe, akakaa mstari wa mbele kati ya mume wangu na kiongozi wa kwaya, na watu wakamgeukia bila aibu. Tulitaka kumpendeza. Tuliimba wimbo tulioufanyia mazoezi kwa wiki nyingi, wenye sauti nne zinazopishana, na tulipomaliza kanisa lilisema amina. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

Nje, kwenye maegesho, alinikumbatia muda mrefu. Nilingoja aseme kitu.

"Vizuri sana," akasema. "Ila alto inachelewa."

"Inachelewa?"

"Kidogo. Wewe na yule mnene wa kando yako. Mnamsubiri nani?"

Mume wangu alicheka mpaka akashika gari. Nikamwahidi tutarekebisha, nikamfungulia mlango, nikamkunjia pindo la tobu lisibanwe, na tukaenda nyumbani kwetu, ambako watoto walikuwa wameanza kula bila sisi.